Cheti kwanza au kidonge kwanza? Kisa cha kikundi cha manusura wa kiharusi Mikindani

Kikundi kilikuwa na wanachama thelathini na kitu, daftari la mahudhurio, mashine moja ya kupimia presha, na akiba iliyokaa kwenye simu ya mweka hazina. Katiba hakikuwa nayo, muhuri hakikuwa nao, hata jina walikuwa bado wanabishania. Ndipo likaja shirika la nje linalounganisha vyama vya wagonjwa wa kiharusi vya nchi mbalimbali, likawapa nafasi ya kuiwakilisha Tanzania. Masharti yalikuwa manne: ndani ya miezi sita wawe wamesajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali ngazi ya taifa, nusu ya wajumbe wa bodi wawe watu waliopata kiharusi wenyewe, akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, na kila robo mwaka ipelekwe ripoti kwa Kiingereza. Wakitimiza hayo watapata uanachama, mafunzo kwa njia ya intaneti, fedha za kuanzia, na kiti kwenye mikutano pamoja na wenzao wa nchi nyingine za Afrika.

Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wanaoanzisha vikundi vya namna hii na wale wanaoombwa ushauri navyo, kama nilivyoombwa mimi. Majina ya watu, ya kikundi na ya shirika nimeyaacha makusudi.

Walivyoanza

Walijuana kwenye benchi la hospitali, nje ya chumba cha mazoezi ya viungo, wagonjwa wakiwa ndani na walezi wakisubiri. Hapo ndipo mmoja alimweleza mwenzake namna ya kumgeuza kitandani mtu mzito bila kuumia mgongo, na mwingine akauliza kama ni kawaida mume wake kulia ovyo bila kuguswa. Mtaalamu wa mazoezi alitaka waje mara mbili kwa wiki. Kutoka Mikindani hadi Mtwara mjini ni kama kilomita 10, ambazo kwa mtu mzima wa afya ni daladala tu. Mwenye mguu usiobeba mwili hapandi daladala. Atakodi bajaji ya kwenda na kurudi, na mlezi wake siku hiyo hafanyi kazi. Wengi walikuwa wakivumilia wiki chache, kisha kimya.

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye mkono wake wa kulia umelala, akatoa baraza ya nyumba yake. Mtaalamu akakubali kupita baadhi ya Jumamosi akitoka zamu. Kikundi kikawa kimeanza.

Mweka hazina ni Bi mmoja aliyekuwa akiuza pweza kabla kiharusi hakijamshika mguu wa kushoto. Yeye ndiye aliyeleta kanuni, na alizitoa kwenye kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaani kwake: mchango, faini ya kuchelewa, zamu za kutembelea wagonjwa, utaratibu wa rambirambi. Kwa hiyo watu waliokwepa kifo walikuwa na daftari ambalo ukurasa wake wa kwanza unaeleza nani ananunua sanda. Wenyewe walilicheka sana jambo hilo. Mimi nililiona ni la busara kubwa, kwa sababu hakuna aliyehitaji semina kuelewa kanuni hizo, na hakuna aliyezikataa.

Lililonivutia zaidi ni mfuko wa dawa. Aliyepata kiharusi mara moja yuko kwenye hatari kubwa ya kukipata tena, na kwa wengi kinga kubwa ni kidonge cha presha kinachomezwa kila siku, maisha yote, hata siku ambayo mtu anajisikia mzima. Kusini fedha huingia kwa msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba watu wanalipwa kupitia AMCOS, yaani vyama vyao vya ushirika wa mazao, harusi zinafungwa, mabati yanapandishwa. Masika yanapofika mifuko ni mitupu na vidonge vinakuwa kitu cha kwanza kuachwa. Bi aliwaambia wanachama wachange kwa nguvu Novemba na Desemba, akafunga mfuko, akaufungua Machi. Kila Jumamosi presha inapimwa, inaandikwa, na kila mmoja anaonyesha vidonge vyake vilivyobaki. Kisha bao linawekwa. Mwalimu anacheza kwa mkono wa kulia kwa lazima, kete zinadondoka, wapinzani wanamngoja.

Nimekaa kwenye kazi hii ya Jumamosi kwa sababu ndiyo iliyokuwa hatarini, ingawa mazungumzo yote yaliyofuata yalikuwa ya usajili.

Wanapambana na nini

Utafiti mkubwa wa kuhesabu wagonjwa wapya wa kiharusi nchini ulifanyika kati ya 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na katika sehemu ya Dar es Salaam. Matokeo yake yalichapishwa 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilionekana kuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam wapatao 316. Utafiti ule haukufika Kusini, lakini sababu inayotajwa mbele ya nyingine zote, presha ya kupanda isiyotibiwa, haina mkoa.

Watafiti hao hao walichapisha 2008 kazi nyingine, waliyoifanya kwa kuwasikiliza watu. Dar es Salaam wengi walieleza kiharusi kwa majini na uchawi. Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Pale barazani Mikindani maelezo yote mawili yanakaa mkeka mmoja. Kikundi kina kanuni isiyoandikwa kwamba hakuna kumuuliza mtu alianzia wapi kutibiwa. Aliyekwenda kwa fundi, yaani mganga wa kienyeji, kwanza hasutwi. Wahudumu wa afya wanaosoma hapa huenda wasipende, ila nadhani kanuni hiyo imeleta watu wengi barazani kuliko ambavyo bango lolote lingeleta.

Kuchelewa kuna gharama, na gharama hiyo lazima isemwe. Kiharusi cha mshipa ulioziba kina dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu. Mtu aliyeanguka shambani Newala yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka Mtwara mjini. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyojengwa Mitengo, iliyofunguliwa rasmi na Rais Samia Septemba 2023, imewapunguzia watu wa huku safari ya rufaa ya zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam. Saa nne na nusu, hata hivyo, huanza kuhesabiwa nyumbani. Kwa hiyo kwa wengi wa wanachama hawa suala la dawa hiyo lilishapita. Walichobakiwa nacho ni mazoezi, vidonge, na watu wa kuwa nao. Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika, maana karibu theluthi moja ya manusura wa kiharusi hupata sonona.

Mkutano

Mwalimu alikuwa na shauku ya usajili wa kitaifa, na hakuificha.

"Tukibaki barazani tutaishia barazani. Serikali haisikilizi mkeka, inasikiliza cheti."

Bi mweka hazina alimjibu taratibu, kama anavyofanya siku zote anapokuwa na hasira. "Mwalimu, kwa heshima yako. Cheti hakimezi kidonge. Hizo nauli za Dodoma zinatoka mfuko upi? Ule wa Machi?"

Wakagawanyika hapo. Waliokuwa wamesoma na waliokuwa na watoto Dar es Salaam walikwenda upande wa Mwalimu. Wavuvi, wakulima na kina mama wa sokoni upande wa Bi. Mtaalamu wa mazoezi alikaa kimya, na baadaye nitasema kwa nini. Aliyegeuza mkutano ni binti wa miaka ishirini na kitu, mlezi wa baba yake, ambaye zamani alikuwa kuli bandarini na sasa hawezi kusema ila maneno mawili.

"Shikamoo Mwalimu, shikamooni wazee. Naomba kuuliza. Hiyo ripoti ya Kiingereza kila miezi mitatu ataiandika nani?"

Wote wakamgeukia yeye. Ndiye pekee mwenye kidato cha sita na muda ambao watu walidhani anao. Muda huo hauko. Anamwogesha baba yake asubuhi, anampika uji, anamlisha, anamfanyisha mazoezi ya mkono, na Jumamosi ndiye anayeandika daftari. Chuo alikiacha. Na katika lile sharti la nusu ya bodi kuwa manusura, yeye angehesabiwa kwenye nusu ya pili, pamoja na madaktari, wafadhili na waheshimiwa wa mtaa, akigombania nao kiti.

Sharti la nusu kwa nusu lina nia njema, na historia yake naielewa: vyama vingi vya wagonjwa duniani vilianza vikiendeshwa na wataalamu, wagonjwa wakawekwa mbele wakati wa kupiga picha tu. Lakini kiharusi si kisukari. Sehemu ya wagonjwa wake wamepoteza usemi, wengine kumbukumbu, wengine hawatoki kitandani. Kwao mlezi ndiye mdomo na ndiye miguu. Katiba inayomtambua mgonjwa na mtaalamu, ikamsahau mlezi, imemwacha nje mtu anayeibeba kazi yote.

Wengine walianzaje

Mwalimu aliniuliza swali la haki: mbona nchi nyingine wameweza? Nikamweleza habari ya mwigizaji wa Marekani, Patricia Neal. Februari 1965, akiwa na miaka 39 na mjamzito, mshipa ulimpasukia kichwani. Alikaa bila fahamu kwa wiki kadhaa. Aliporudi nyumbani Great Missenden, kijiji cha Uingereza, hakuweza kutembea sawasawa wala kupata maneno. Mume wake, mwandishi Roald Dahl, aliwapangia majirani zamu: huyu saa hii, yule saa ile, kila siku, wakimfundisha kusoma, kuhesabu, kutaja vitu. Ulikuwa utaratibu mkali, na Neal mwenyewe hakuwa akiufurahia kila siku. Mtoto alizaliwa salama, na filamu aliyoitoa 1968 ilimpatia uteuzi wa tuzo ya Oscar.

Jirani mmoja, Valerie Eaton Griffith, hakuishia hapo. Aliendelea kuwasaidia wagonjwa wengine kwa njia ile ile, na 1973 ukaanzishwa mpango wa watu wa kujitolea chini ya shirika ambalo leo linaitwa Stroke Association. Shirika hilo halikuzaliwa kwa ajili ya kiharusi. Lilianza mwishoni mwa karne ya 19 likipambana na kifua kikuu, na kwa miongo mingi lilishajenga ofisi, hesabu na imani ya watu. Majirani wale hawakulazimika kuwa taasisi; waliingia chini ya paa lililokuwepo, na kati ya baraza ya Neal na mpango huo ilipita miaka minane.

Malaysia ilikuwa njia tofauti. Janet Yeo, aliyepata kiharusi mwenyewe, alianzisha chama cha taifa, NASAM, mwaka 1996, na kikajijenga kwa kufungua vituo ambamo manusura wanafanya mazoezi pamoja. Mwalimu aliupenda mfano huu kuliko ule wa Kiingereza. Lakini hata huko kitu ambacho mtu angeweza kukitembelea na kukiona kilikuwa ni kituo.

Mitandao ya nchi na nchi ilikuja baadaye. Muungano wa vyama vya kiharusi vya Ulaya, SAFE, ulianzishwa 2004. World Stroke Organization ilitokana na kuunganishwa kwa vyombo viwili mwaka 2006, na ndiyo inayoongoza Siku ya Kiharusi Duniani kila tarehe 29 Oktoba. Muungano huunganisha vyama vilivyo hai. Shirika lililowaandikia watu wa Mikindani lilikuwa linafanya kinyumenyume: lilikuwa na nafasi tupu ya Tanzania kwenye ramani yake na linatafuta wa kuijaza.

Sasa ukimya wa mtaalamu. Alikuwa anaogopa ahadi. Kwenye rasimu ya maombi Mwalimu alikuwa ameandika kwamba walezi wakifundishwa mazoezi wagonjwa watarudi kazini. India walilijaribu jambo la karibu na hilo kwa utaratibu wa kisayansi: hospitali 14, wagonjwa 1,250, nusu yao familia zikafundishwa kuwafanyisha mazoezi nyumbani. Matokeo yalichapishwa 2017 na hayakuonyesha faida. Baada ya miezi sita waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 kila upande. Hii haina maana kwamba kikundi hakina kazi. Maana yake ni kwamba kisijiuze kama mbadala wa mtaalamu wa mazoezi. Presha iliyodhibitiwa, kidonge kisichokatika Machi, mlezi asiyebaki peke yake: hayo ndiyo ya kuandika kwenye maombi, na yote yana ushahidi kwenye daftari.

Milango ya usajili

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa karatasi zake kila mtu anaweza kuzifuatilia halmashauri.

Mlango wa kwanza ni kikundi cha kijamii, kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri. Wa pili ni chama cha kijamii chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Wa tatu ni shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya mwaka 2002, kwa Msajili aliye chini ya wizara ya maendeleo ya jamii. Huo wa tatu una ngazi zake: wilaya, mkoa, taifa, kimataifa. Unakuja na katiba, bodi, ada na taarifa za kila mwaka, na mikataba ya fedha za wafadhili inayozidi shilingi milioni 20 inatakiwa kuwasilishwa Hazina na kwa Msajili. Ni utaratibu unaobebeka kwa ofisi yenye mhasibu. Pale barazani mhasibu ni Bi na simu yake.

Mlango wa kwanza una jambo ambalo wengi hawakulijua. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisimamishwa Aprili 2023 ukarudi 2024. Mtu ambaye mkono na mguu wake wa upande mmoja havifanyi kazi miaka miwili sasa yumo kwenye Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, na shirikisho la vyama vyao, SHIVYAWATA, ni paa lililokwisha kuezekwa.

Nilipolisema hili baraza ilinuna. "Mimi si mlemavu, mimi naumwa," alisema Mwalimu, na safari hii hata Bi alikuwa upande wake. Wanatarajia kupona. Kukubali jina hilo waliona ni kusaini kwamba mguu haurudi. Sikuwabishia sana. Nguvu nyingi hurudi katika miezi mitatu ya kwanza, kisha mwendo unapungua, ingawa haukomi kabisa. Aliye mwezi wa pili ana haki ya kukataa, na aliye mwaka wa tano anaweza kulitazama upya. Nilipendekeza kila mmoja aamue kwa nafsi yake, na kikundi kisichague kwa niaba ya wote.

Ng'ambo ya Ruvuma

Shirika la nje lilipozungumza habari za nchi na nchi lilikuwa linafikiria mikutano kwa video. Kikundi tayari kilikuwa kinafanya kazi ya nchi mbili bila kuiita hivyo. Dada yake Bi yuko upande wa Msumbiji, uwanda wa Mueda, na mumewe alipata kiharusi. Wamakonde wako pande zote mbili za mto, na ndugu wanapita Kilambo kwa kivuko au Mtambaswala kwa Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010. Tangu vita vianze Cabo Delgado mwaka 2017, vituo vingi vya afya huko vimefungwa au kuharibiwa. Bi akawa anarekodi ujumbe wa sauti kwa Kimakonde na kuutuma WhatsApp: mgonjwa asilishwe amelala chali, aketishwe wima, maana uji ukienda njia ya hewa humletea homa ya mapafu, asivutwe kwa mkono uliolegea, bega litachomoka, vidonge vya presha visikatwe kwa sababu kichwa kimeacha kuuma. Dada yake akatuma kwa jirani, jirani kwa shemeji yake aliyekimbilia mji mwingine.

Kuna siku ujumbe ulirudi Mikindani ukiwa umeongezwa shauri: ukiona dalili tu, meza aspirini. Mtaalamu alishtuka, na nilimuunga mkono. Kama mshipa umeziba aspirini inaweza kusaidia. Kama umepasuka inaweza kumwongezea mtu kutokwa damu. Na kwa macho huwezi kujua upi ni upi, ndiyo kazi ya CT. Wakaweka kanuni: kila ujumbe uanze kwa kutaja tarehe na mhudumu wa afya aliyeukagua, na usio na utangulizi huo si wao.

Kazi hii haikuhitaji usajili wa ngazi ya kimataifa. Pesa zikianza kuvuka mto zitahitaji, sauti haijahitaji.

Walichojibu

Ushauri wangu ulikuwa huu: wajisajili kama kikundi Manispaa ya Mtwara Mikindani, waliandikie shirika kwamba nafasi ya kuiwakilisha Tanzania hawaichukui, kwa sababu hawajui hali ya mgonjwa wa Bukoba wala Tunduma, waombe kushiriki kama kikundi cha mahali pamoja, na badala ya fedha za usajili waombe nauli za bajaji na mashine ya pili ya presha. Ripoti iwe ya sauti, kwa Kiswahili, dakika kumi, mtandao utafute mkalimani. Wakenya kwenye mtandao huo wangeielewa moja kwa moja, na nikawaambia waanze na hao.

Kwenye bodi nilishauri mafungu matatu badala ya mawili: manusura, walezi, wengine, na wengine wasifikie hata theluthi.

Barua ilikwenda. Jibu lilichukua muda na halikuwa la kupendeza lote. Fedha za kuanzia zilikuwa zimefungwa kwa usajili wa taifa, kwa hiyo hawakuzipata. Mafunzo walikubaliwa, pamoja na kikundi cha Kenya, kwa Kiswahili. Ripoti ya sauti ilipokelewa kwa majaribio. Mashine ya pili waliinunua wenyewe mwisho wa msimu.

Wazo moja la Mwalimu lilifanikiwa kuliko yote, na halikuhitaji cheti. Siku ya Kiharusi Duniani, tarehe 29 Oktoba, huangukia katikati ya minada. Wengine walilalamika kwamba hakuna atakayekuja kusikiliza. Mwalimu akasema kama watu wako ghalani, twendeni ghalani. Wakaomba kibali kwa viongozi wa AMCOS, wakaweka meza kando ya mizani. Wakulima waliokuwa wakingoja magunia yao yapimwe wakapimwa presha, wakaonyeshwa na manusura wenyewe dalili tatu: uso kwenda upande, mkono kuishiwa nguvu, maneno kukwama. Yule kuli wa zamani alikuwa ndiye somo la dalili ya tatu. Binti yake alimuuliza kwanza kama anataka, akasema moja ya maneno yake mawili, ambalo ni "ndiyo".

Bado naona nyufa. Akiba ingali kwenye simu ya mtu mmoja, mwenye presha, ambaye namba yake ya siri haijulikani hata kwa mwanawe. Nililisema zaidi ya mara moja. Bi anaona natilia shaka uaminifu wake, na wengine wanamwogopa.

Na kuhusu usajili wa taifa, Mwalimu hakukosea jambo, alikosea mwaka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na kitita cha huduma zinazolipiwa hakipangwi Mikindani. Mazoezi ya viungo ya miezi sita yatalipiwa au hayatalipiwa? Vidonge vya presha vitakuwepo zahanati Machi au vitakuwa vimeisha? Ipo siku mtu aliyepata kiharusi lazima awe kwenye chumba kinamopangwa kitita hicho, na hataingia kama kikundi cha mtaa. Ataingia na vikundi vya mikoa mingine, au chini ya paa la muungano wa vyama vya magonjwa yasiyoambukiza, TANCDA, akiwa na takwimu za presha za miaka kadhaa mkononi. Mwalimu ameanza kunakili daftari kwa mkono wa kushoto, mstari kwa mstari, bila majina. Binti amekataa kumsaidia mpaka viti vya walezi vipigiwe kura, na kura imepangwa baada ya mnada wa mwisho.